Si Lazima Kuwasha Moto Wote

Katika aila za pwani zilizoweka maskani Nairobi, hususan zile zinazoishi katika ghorofa za Kilimani, Kileleshwa na Lavington, jiko la gesi la kuchomea nyama limekuwa chombo cha kawaida cha roshani. Wengi hulinunua kwa ajili ya Iddi, na kwa zile siku ambazo ndugu hutoka Mombasa au Lamu kuja kutembea. Hupokewa kwa furaha, kisha hulaumiwa upesi. Malalamiko ni yale yale: kuku ameungua nje na mfupani bado ana damu, mishkaki imekauka kabla ya kushika rangi, mtungi umekwisha na wageni wangali njiani. Hukumu inayofuata ni kwamba gesi haiwezi kazi ya makaa.

Sisi tunaona kuwa hukumu hiyo haina haki. Aghalabu kasoro imo katika idadi ya mioto iliyowashwa, na katika mahali chakula kilipowekwa. Chini ya wavu wa jiko la namna hii mna mirija ya moto, miwili, mitatu au minne, na kila mmoja una swichi yake. Swichi hizo zimetengwa ili mpishi aweze kuwasha upande mmoja na kuuacha mwingine. Anayewasha mirija yote tangu mwanzo hadi mwisho amelipa jiko lake uwezo mmoja tu, nao ni ule wa kuunguza.

Yafaa tukumbuke ni kwa nini chombo hiki kimeingia majumbani mwetu. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Julai 2023. Makaa yalipanda bei, na gunia likawa mzigo kwa aila nyingi. Gesi nayo ilipita katika misukosuko yake: Julai 2021 ilitozwa VAT ya asilimia 16, mwaka uliofuata kiwango kikashushwa hadi asilimia 8, na Julai 2023 kodi hiyo ikaondolewa. Zaidi ya hayo, wenye nyumba wengine hawaruhusu makaa kwenye roshani, kwa kuchelea cheche na moshi unaowaingilia majirani. Kwa hivyo wengi wetu tutapika kwa gesi tutake tusitake, na ni afadhali tuijue vyema.

Elimu yenyewe si ngeni kwetu. Mtazame mchoma mishkaki wa Mombasa wakati wa jioni. Makaa yake hakuyatandaza sawasawa. Ameyakusanya upande mmoja, na upande wa pili ameacha machache yaliyovaa majivu. Nyama mbichi huanzia penye makaa mengi, na ikishashika rangi husogezwa penye machache ili imalizike kuiva taratibu. Mama zetu nao walikuwa na ada ya kupalia. Sufuria ilifunikwa, makaa yakawekwa juu ya mfuniko na mengine yakabaki chini, na kwa joto hilo la pande mbili mkate wa kumimina ukaiva na wali ukakauka punje kwa punje.

Jiko la gesi lenye kifuniko linaweza kazi zote mbili. Chakula kikiwekwa juu ya mrija uliowashwa, kinapata moto wa moja kwa moja, kama ule wa penye makaa mengi. Kikiwekwa juu ya mrija uliozimwa, na kifuniko kikafungwa, joto la upande wa pili hupanda, huzunguka ndani ya jiko na kukifikia chakula kutoka kila upande. Hapo chakula hakichomwi tena. Kinaokwa, karibu na kile kinachopaliwa. Mpishi anayejua lini atumie moto wa kwanza na lini atumie wa pili amekwisha kulijua jiko lake.

Kanuni ya kuchagua ni nyepesi. Chakula chembamba kinachoiva upesi huwekwa juu ya moto. Chakula kinene, chenye mfupa, au chenye rojo inayoungua, huwekwa pasipo moto. Mwenye jiko la mirija miwili awashe mmoja na kuuacha mmoja. Mwenye mitatu awashe ya kando na kuuacha wa kati, au awashe mmoja wa kando kwa chakula kidogo. Mwenye minne awashe miwili ya nje na kuiacha miwili ya ndani. Mirija yote huwashwa kwa pamoja mwanzoni tu, kwa dakika kumi hadi kumi na tano, ili wavu upate moto na mabaki ya jana yaungue yakakwanguliwa.

Tuanze na mishkaki. Vipande vikikatwa vidogo, na nyama ikalazwa kwa ndimu, tangawizi, thumu na papai bichi kidogo, haihitaji muda mrefu. Wavu ukishapata moto, punguza mrija mmoja hadi mwisho au uuzime kabisa, kisha upange mishkaki juu ya ile inayowaka. Igeuze mara kwa mara. Mafuta yakidondoka na mwali ukaruka, usimwage maji, kwani maji hurusha mafuta yanayowaka. Sogeza mishkaki upande uliozimwa, ngoja mwali utulie, kisha uirejeshe. Asiyebakisha upande uliozimwa hana pa kukimbilia, na hiyo ndiyo sababu ya mishkaki mingi kuingia mezani ikiwa nyeusi.

Kuku wa kupaka ndiye anayewashinda wengi, naye ndiye anayehitaji zaidi hekima ya kuzima. Paja la kuku ni nene na lina mfupa, na ngozi yake huungua zamani kabla joto halijafika ndani. Mweke pasipo moto, funga kifuniko, na uache mirija ya kando kwenye moto wa wastani. Ikiwa kifuniko kina saa ya joto, nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi zinatosha. Mapaja huchukua kama dakika 40, pengine zaidi, na kila kifuniko kinapofunguliwa joto hutoroka na muda huongezeka. Lile tui zito lenye ukwaju na pilipili lisipakwe mwanzo. Nazi na ukwaju vina sukari, na sukari huungua upesi. Kuku akishaiva, mpake, msogeze juu ya moto mdogo kwa dakika chache, mgeuze, mpake tena, kisha umtoe.

Hapa hatuzungumzii ladha peke yake. Kuku asiyeiva hubeba vijidudu vya maradhi, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wazee na waja wazito, ambao ndio wanaopewa vipande vizuri katika sinia zetu. Rangi ya ngozi si shahidi wa kuaminika. Kipimajoto kidogo cha jikoni, kikichomwa katika sehemu nene bila kugusa mfupa, chapaswa kuonyesha nyuzi 74. Aliye na kuku wa kienyeji mwenye nyama ngumu amchemshe kwanza, kisha amalizie kwenye wavu.

Katika jambo hilo la kuchemsha, mji una tabia yake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100 za pwani. Ndiyo maana nyama au maharage yaliyoiva kwa saa moja Mombasa huchukua zaidi ya hapo Kileleshwa, hata kama moto ni ule ule. Muda ulioandikwa na shangazi wa Lamu uongezwe kidogo.

Samaki hutaka uangalifu wa namna nyingine. Atokaye Soko la Jiji, jirani na Msikiti wa Jamia, aghalabu hurudi na ngege wa ziwani, na akibahatika hupata changu au tafi wa pwani. Mpasue mgongoni umfungue, umkaushe maji, na umpake mafuta kabla hajagusa wavu. Mwanzie juu ya moto wa wastani upande wa ngozi mpaka aachane na wavu mwenyewe, kisha umhamishie pasipo moto amalizike na kupakwa tui. Anayelazimisha kumgeuza mapema huiacha ngozi ikishikamana na chuma.

Ikiwa hujui sehemu zipi za jiko lako ni kali, tandaza vipande vya mkate wa siagi juu ya wavu mzima, washa moto wa wastani, na uvitazame baada ya dakika chache. Vilivyogeuka vyeusi vimekuonyesha penye ukali, na vilivyobaki vyeupe vimekuonyesha pa kupumzishia chakula. Gharama yake ni mkate mmoja.

Tuje kwenye mtungi. Gesi imo ndani ikiwa maji, na kila inapogeuka kuwa hewa huuchukua ujoto wa mtungi wenyewe. Mirija mitatu ikiwashwa kwa nguvu juu ya mtungi wa kilo 6, hasa katika baridi ya Julai, mtungi hupoa, pengine hutoa umande, na moto hudhoofika ingawa gesi ingalimo. Mtu hudhani imekwisha. Mtungi wa kilo 13 huvumilia zaidi, lakini dawa iliyo karibu ni kuzima mrija usiohitajika. Kwa njia hiyo gesi hudumu, na israfu hupungua pia.

Yaliyobaki ni ya usalama, nayo hayana mjadala. Gesi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini, kwa hivyo jiko likae mahali palipo wazi, na mtungi usimame wima. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko. Kuwasha jiko lililofungwa ni kualika mlipuko. Paka povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta: likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja, na jiko lisiwashwe. Trei ya mafuta imwagwe kila baada ya kupika, kwani mafuta yaliyojaa ndiyo kuni za moto usiotarajiwa. Ukimaliza, funga mtungi kwanza, kisha swichi. Na jiko hili, liwe la gesi au la makaa, lisiingizwe chumbani kwa sababu ya mvua au baridi. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na aliyeivuta hulala asijue kwamba analala kwa sumu.

Basi wageni wajao wakifika, kabla hujagusa kibiriti, tazama kwanza kilichomo kwenye sinia: ni chembamba au ni kinene, kina mfupa au hakina, kimepakwa au bado. Kisha amua ni mrija upi utawaka na ni upi utapumzika.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumzia tui la nazi: namna ya kulihifadhi kwa siku kadhaa bila ya kuharibika, kwa wale wanaoletewa nazi kutoka pwani mara moja kwa mwezi.