Dereva Mwanamke Akishuka Garini, Huenda Wapi?

Nilialikwa Maulidi huko Ekero, nami nikaenda. Kwa msomaji wa Mombasa, Lamu au Tanga asiyepajua, Ekero ni mahali penye soko na mashamba ya miwa katika nchi ya Wawanga, karibu na Mumias, Kaunti ya Kakamega. Ni mbali na bahari, lakini mtu wa pwani akifika huko hajioni mgeni sana. Kabla ya reli, misafara ya wazee wetu iendayo Uganda ilikuwa ikitua Mumias kupumzika na kununua chakula. Wakabakisha huko biashara zao, lugha yao na dini yao. Jamaa wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga aliyefariki mwaka 1949, walisilimu wengi. Ndiyo maana hata leo ukiamka Ekero alfajiri unasikia adhana juu ya mashamba ya miwa, na wazee wanakuamkia kwa Kiswahili kisichokwaruza sikio.

Baada ya sala ya Alasiri tulikaa barazani kwa mwenyeji wangu tukinywa chai ya maziwa. Mara trekta likaingia uani, likivuta tela tupu la miwa. Lilipinda kona ya ua, mahali ambapo mimi nisingethubutu kupitisha hata baiskeli, likasimama sawasawa chini ya mti. Akashuka binti wa miaka kama ishirini na mbili, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, mikono imejaa grisi. Akatuamkia, shikamoo zake akazigawa kwa kila mzee, akaingia ndani kunawa.

"Huyo ni mwanangu," alisema mwenyeji. Sauti yake ilikuwa na fahari na hofu kwa pamoja. Akaniambia kwamba binti huyo anataka kuacha trekta, si kwa kuwa amechoka, bali kwa kuwa anataka kuendesha magari ya mashindano. Ameyaona yakipita Naivasha kwenye televisheni, na tangu siku hiyo halali.

Vijana waliokuwapo wakacheka. Mmoja akasema mwanamke na mashindano wapi na wapi. Mwenyeji wangu hakucheka. Alinigeukia akasema, "Maalim, wewe ni mtu wa magazeti. Mimi simkatazi kwa sababu ya dini, maana nimewauliza wenye ilimu. Swali langu ni moja. Leo ana nguvu, ataendesha. Siku akishuka garini atakuwa nani? Watu watamkumbuka, ama watamwacha kama tela bovu?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jawabu la haraka. Nimezoea kuulizwa kama mwanamke aendeshe au asiendeshe. Swali hilo limechakaa. Lile la mzee wa Ekero ni jipya na ni zito zaidi, na nimelichukua mpaka nyumbani. Nayaandika haya kama deni ninalomlipa.

Kwanza tuliondoe lile la vijana waliocheka. Mashindano haya ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na njia yake ilikuwa ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mchezo wa barabara laini. Mwaka 1963 yalimaliza magari 7 tu, na mwaka 1968 tena magari 7 tu, mengine yote yakibaki matopeni na mitoni. Basi katika mbio hizo hizo, mwaka 1961, mwanamke wa Kiingereza, Anne Hall, alishika nafasi ya tatu. Na mwaka 1983 Mfaransa Michèle Mouton, akiwa na mwenziwe wa kusoma ramani, Mwitaliano Fabrizia Pons, naye alishika nafasi ya tatu katika gari la Audi Quattro. Nakumbuka mwaka huo. Nilikuwa mtoto wa chuoni, na redio ya duka la jirani ilikuwa ikitaja jina lile nasi tukilitamka vibaya. Kwa hiyo, mwenye kusema mwanamke na mashindano wapi na wapi amechelewa kwa miaka sitini na zaidi.

Na asije mtu akatuletea kwamba ni jambo geni kwa Waislamu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwasifu wanawake wa Kureshi kwa kuwataja kuwa wapanda ngamia, na papo hapo akawasifu kwa huruma kwa watoto na kwa uaminifu wa mali ya waume zao. Hakuona kwamba moja linalifuta jingine. Saudia kwenyewe, tarehe 24 Juni 1918 haikuwa, bali ni 24 Juni 2018, ndipo wanawake waliporuhusiwa kuendesha gari. Haukupita mwaka, binti wa nchi hiyo, Reema Juffali, alikuwa keshaingia katika mashindano. Baadaye akaunda timu yake mwenyewe ya magari, Theeba Motorsport. Zingatieni hapo. Hakungoja ashuke garini ndipo atafute pa kukaa. Alijijengea nyumba angali yumo safarini.

Sasa turudi kwenye swali la mzee. Nitachukua wanawake wawili, mmoja wa kwao na mmoja wa kwetu.

Wa kwao ni huyo Michèle Mouton. Mwaka 1981 alishinda mbio za Sanremo huko Italia, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mbio za ubingwa wa dunia za namna ile. Mwaka 1982 akashinda tatu: Ureno, Ugiriki na Brazili. Alibakisha kidogo tu awe bingwa wa dunia. Walipofika Ivory Coast, kabla ya kuondoka, alipata habari kwamba baba yake amefariki. Baba huyo ndiye aliyemtia moyo tangu mwanzo. Akaendesha akiwa na msiba, akaongoza, kisha gari likaharibika na mwisho akapata ajali. Ubingwa ukachukuliwa na Mjerumani Walter Röhrl, yeye akawa wa pili. Mwaka 1986 akaacha mashindano makubwa. Mwaka huo huo dereva Henri Toivonen wa Finland na mwenziwe Sergio Cresto walikufa kwa moto huko Corsica, na yale magari yenye nguvu kupita kiasi yakapigwa marufuku.

Je, alipoacha usukani alikwenda wapi? Mwaka 1988 alikuwa mmoja wa walioanzisha mashindano yaitwayo Race of Champions, kwa kumkumbuka huyo Toivonen. Kisha Shirikisho la Magari la Dunia, FIA, lilipounda kamati ya wanawake katika mchezo huo, yeye ndiye aliyewekwa kuiongoza, akaiongoza kwa zaidi ya miaka kumi. Kutoka katika kamati hiyo ukaja mpango wa kuwatafuta wasichana wenye kipawa, na mwaka 2021 binti aitwaye Maya Weug akachaguliwa kuingia katika shule ya madereva ya Ferrari, wa kwanza wa kike. Yaani mama aliyepita njia kwa shida, alipewa kiti, na kiti hicho akakitumia kuwafungulia wengine mlango.

Wa kwetu ni Orie Rogo Manduli. Huyu alizaliwa Maseno, si mbali sana na Ekero. Mwaka 1964, Kenya ikiwa changa, alitwaa taji la Miss Kenya. Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, akaingia katika Safari, akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuendesha gari katika mbio hizo. Mwaka huo mshindi alikuwa Joginder Singh, mkulima wa matope tunayemjua sote kwa jina la Simba wa Kenya. Bi Orie hakuwa na kampuni kubwa ya Ulaya nyuma yake wala mafundi wa kumsubiri kila kituo. Alikuwa na ujasiri, na kilemba.

Hapo kwenye kilemba ndipo penye maudhi yangu. Alipoacha mashindano alipata jina kubwa zaidi mjini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliongoza baraza la mashirika yasiyo ya kiserikali, na pakawa na mivutano mikali iliyojaza kurasa za magazeti. Alisema bila kumung'unya maneno, akapendwa na kuchukiwa. Sisi waandishi tukaandika juu ya vilemba vyake virefu, vito vyake, na makali ya ulimi wake. Kila mtu alijua rangi ya kilemba chake. Ni wangapi waliojua kwamba alishika usukani katika vumbi la Safari wakati wanaume wengi wa nchi hii hawajapata kugusa gari?

Tazameni mwaka wenyewe. Safari ilikuwa imetolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Ikarudi Juni 2021, huko Naivasha, kwa shangwe kubwa. Miezi mitatu haikutimia, tarehe 8 Septemba 2021, Bi Orie akafariki dunia. Ndipo magazeti, na mimi nikiwemo, tukakumbuka kuandika kwa herufi nene kwamba alikuwa wa kwanza. Tulimsifu vizuri sana, lakini masikio yake hayakuwepo.

Mwaka uliofuata, Juni 2022, binti mwingine wa Kenya, Maxine Wahome, alishinda daraja la WRC3 katika Safari hiyo. Nchi ikashangilia kana kwamba mti umeota usiku mmoja. Waama, mti una mizizi. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa.

Basi tofauti ya wanawake hawa wawili ni nini? Si ushujaa. Kuendesha katika Safari ya mwaka 1974 bila kiwanda nyuma yako si ushujaa mdogo kuliko kuendesha Audi ya kiwanda. Wala si kwamba mmoja alikaa kimya baada ya mashindano na mwingine akafanya kazi. Wote wawili walifanya kazi. Tofauti, kwa maoni yangu, ni kwamba mmoja alipoacha usukani, mchezo wenyewe ulimwita tena na kumwambia: njoo ufundishe, njoo uongoze, unajua tusiyoyajua. Mwingine ilimbidi ajitafutie uwanja mwingine kabisa, na ujuzi wake wa barabara akafa nao.

Na hasara hiyo si yake peke yake. Dereva mkongwe anajua namna ya kusoma rangi ya matope, namna ya kuvuka mto uliojaa, wakati wa kukaza mwendo na wakati wa kulinda gari. Haya hayamo katika kitabu. Yamo kichwani mwake, na asipoulizwa yanakwenda naye kaburini.

Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliishi zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita. Walikuwapo wanawake wengine wenye hekima katika zama zake, bila shaka. Lakini yeye aliandika utendi kwa ajili ya binti yake, na maandishi yakahifadhiwa, ndiyo maana tunamtaja leo. Kumbukumbu haiji yenyewe. Hufanyiwa kazi, kama shamba.

Kwa hiyo naona mambo matatu. La kwanza, wenye kusimamia mchezo wa magari hapa kwetu wawaite madereva wanawake waliostaafu, wawape kazi ya kufundisha na kukagua njia, na si kuwaalika siku ya kupeana vikombe tu. La pili, sauti zao zirekodiwe wangali hai, redio zetu zina vipindi vingi vya porojo, kimoja kitolewe kwa hilo. La tatu ni letu waandishi: tumuulize mwanamke kazi yake kabla ya kumuuliza nguo yake.

Hayo ndiyo niliyomwambia mzee wa Ekero kwa ufupi, kwa maneno mabovu zaidi kuliko haya. Nilimwambia pia ukweli ambao hakuupenda: kwamba siwezi kumdhamini kuwa mwanawe atakumbukwa. Naweza kumdhamini kwamba asipoanza, hakuna cha kukumbukwa. Alinyamaza kitambo, akasema, "Inshallah, tutaona." Sikujua kama ni ndiyo au ni hapana.

Asubuhi ilipofika wakati wa kuondoka, nilikuta pikapu ya nyumbani imewashwa. Binti ameketi kwenye usukani. Mwenyeji wangu alinifungulia mlango wa mbele nikae, yeye akapanda nyuma pamoja na magunia, akashika kofia yake isipeperuke, akapiga bati kwa kiganja mara mbili, ishara ya kwamba twende.

Njiani kuelekea Mumias nilitunga ubeti huu mmoja, nikamwachia mzee awe nao:

Usukani akiwacha, safari haijakoma,
Kwa wengine kunakucha, wapitie njia njema,
Jina lake mkificha, vumbi litakuja sema,
Mtunzeni yu mzima, msingoje kumzika.