BWAWA LA STAREHE, MSIBA WA JIRANI

Twasikia wakisema: "Bwawa ni langu, limo shambani mwangu, ni la kuvulia samaki na kustarehe na wageni wangu." Hoja hiyo twaikataa. Maji yakivunja ukuta hayaulizi mpaka wa shamba. Huwashukia walio bondeni.

Tarehe 31 Mei 1889, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilibomoka bwawa la klabu ya matajiri wapenda uvuvi, nao watu 2,209 wakaangamia. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yameng'olewa zamani, wala klabu haikuyarudisha. Ukuta ulipunguzwa kimo ili magari ya farasi yapite juu yake. Njia ya maji ya ziada iliwekewa wavu, samaki wasitoroke. Samaki walilindwa, watu hawakulindwa! Wala mahakama haikumtia hatiani mwanachama yeyote. Na usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Kenya, bwawa la shamba la mtu binafsi liliua watu zaidi ya 40.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa bwawa usipozibwa, huchimba makaburi. Kwa hiyo twadai: mwenye bwawa ang'oe miti ingali michanga ukutani, azibe mashimo ya wanyama, aache wazi njia ya maji. Serikali ikague kabla ya masika. Wakazi wa bondeni waambiwe hatari iliyo juu yao. Asiyeweza kulitunza bwawa, na alikaushe. Starehe ya mmoja isilipiwe kwa roho za wengi.