Gari la Dizeli Likimisi

Wakulima wenzangu wa Kigamboni, gari la dizeli lipelekalo mihogo Kariakoo likianza kumisi, msikubali upesi kununua nozeli mpya. Kulipia nozeli nne kwa ajili ya maji kidogo ni kula mavuno ya shamba. Dizeli haiwashwi kwa plagi; huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Na huku pwani unyevu hugeuka maji katika tangi lililolala nusu. Kwanza mwageni maji ya chujio, mtoe na hewa kwa pampu ya mkono. Likizidi, fundi na alegeze nati ya bomba la kila nozeli, moja moja, injini ikinguruma polepole: silinda isiyobadili mlio ndiyo yenye ugonjwa. Injini mpya zinazoongozwa kwa kompyuta zisilegezwe kamwe. Mafuta yake hutoboa ngozi.