GARANTI INARUDISHA CHUMA, HAIRUDISHI KAZI



Muhula huu wengi wenu mumeuliza kwa nini gazeti letu limechelewa. Jibu ni fupi: kompyuta ya gazeti iligonjwa. Ilianza kufungua maandishi polepole, kisha ikalia tik, tik, tik kama saa ya ukuta. Fundi aliitazama akasema ni diski, yaani ile sehemu inayotunza maandishi yote. Kompyuta haijatimiza mwaka, na garanti yake ni ya miezi 12. Hapo mabishano yakaanza.

Wengine walisema: "Shida iko wapi? Garanti iko, mupeleke leo kwa muuzaji!" Wengine wakasema: "Muache muuzaji, kuko kijana kando ya barabara, ataifungua kwa pesa kidogo." Sisi tunaona pande zote mbili zinasahau jambo moja.

Garanti ni ahadi juu ya kitu, si juu ya kazi iliyo ndani ya kitu. Watengenezaji wa diski huandika katika masharti yao kwamba hawalipi maandishi yaliyopotea. Watakupa diski nyingine, pengine iliyotengenezwa upya, nayo itakuwa tupu. Ile ya kwanza kwa kawaida inabaki kwao, pamoja na barua na pointi zilizomo. Basi anayekimbia kwa muuzaji kabla ya kunakili, anapata chuma na kupoteza kazi.

Na yule wa kando ya barabara? Tusimdharau, wengi wao wana akili nyingi. Lakini diski ya namna hii ina sahani zinazozunguka, mara nyingi 5,400 kwa dakika moja, na kichwa cha kusoma kinapita juu yake bila kuigusa. Nafasi iliyo katikati ni ndogo kuliko punje ya vumbi. Sasa nani asiyejua vumbi la Mudzipela wakati wa jua? Ukiifungua diski hapa nje, umeiua. Tena muuzaji akiona imefunguliwa, garanti imekwisha. Wale wanaoshauri kuipiga kofi, hatuna neno la kuwajibu.

Maoni yetu ni haya: kwanza nakala, kisha garanti. Kama diski ingali inasoma, nakili yale ya lazima mbele ya yote, kwa flashi au kwa diski ingine, halafu zima. Usiweke programu mpya, usiiache inawaka usiku kucha. Kama inalia tu na haisomi tena, zima mara moja na utafute fundi wa kweli. Baada ya hapo peleka mashini pamoja na fakture na barua ya nakala mbili, na muuzaji atie sahihi kwa ile inayobaki kwako.

Wala tusiogope kudai. Kudai haki yako si ugomvi. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano, ambayo ingali sheria ya inchi yetu, inamtwika muuzaji kasoro iliyofichika, hata kama yeye mwenyewe hakuijua. Lakini inataka mnunuzi aseme upesi. Anayengoja hata muhula uishe, analegeza haki yake mwenyewe.

Mutasema, gazeti likipotea si kitu. Labda. Lakini pointi za wafinalisti nazo zinaandikwa siku hizi kwa kompyuta. Diski ile ikifa wiki moja kabla ya kutuma dosye za Egzameni ya Serikali, nani atamjibu mzazi aliyelipa miaka yote? Wazee wetu wa Bunia wanajua maana ya kuweka kitu mahali pamoja tu. Mwezi wa Mei 2003, vita ilipowaka mjini, watu wengi walikimbia, na diploma nyingine hazikuonekana tena. Hapo haikuwa kosa la mtu kukimbia. Lakini leo nakala ya pili inaingia katika mfuko wa shati.

Kwa heshima tunamuomba Bwana Prefe mambo matatu. Moja: kuwe na daftari la mashini, lenye nambari, tarehe ya kununua na siku garanti inapokwisha, na fakture zitunzwe humo. Mbili: kila Ijumaa sekretarieti ifanye nakala mbili, moja ibaki ofisini, ya pili ilale katika nyumba ingine chini ya ufunguo. Tatu: mtu yeyote asifungue mashini iliyo na garanti.

Flashi mbili bei yake ni kidogo kuliko safari moja ya kwenda kubishana na muuzaji. Tena kompyuta nyingi mpya zina diski isiyozunguka. Hiyo haina sauti ya kukuonya, inaweza kufa kimya. Kwa hiyo tusingoje tik, tik.

Aliye na mawazo mengine aandike. Tutayatia katika gazeti lijalo.

Kamati ya Gazeti