Msimwite mkaidi, pimeni kwanza pua yake

Kuna neno moja nimelichoka: mkaidi. Mgonjwa kapewa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisifunge, kaitumia siku nne, ya tano kaipandisha juu ya kabati. Basi ukoo mzima, kuanzia Igoma mpaka Kirumba, unatangaza kwamba mzee ni mkaidi, hataki kupona, pesa za watu zimekwenda bure. Na daktari naye anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hatumii mashine, anafunga faili, anaita anayefuata. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali dogo sana: hivi ile barakoa inamkaa?

Jamani, tuelewane kwanza, maana najua kuna wanaocheka tayari. Hapa kwetu Mwanza kukoroma ni kichekesho. Kila aliyewahi kulala kwenye meli ya Bukoba ana hadithi ya abiria aliyeshindana na injini. Wengine wanakwambia ni dalili ya mtu aliyeshiba sato akalala kwa amani. Amani gani! Kuna kukoroma kwa kawaida, na kuna kule ambako mtu anakoroma, ananyamaza ghafla, kimya, kimya... halafu anashtuka kama aliyeibuka kutoka chini ya maji. Kile kimya ndicho ugonjwa wenyewe. Nyama laini za koo zimelegea, njia imeziba, pumzi imekatika kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mwenye hali mbaya jambo hilo linajirudia mara 30 na kuendelea kwa kila saa moja ya usingizi. Asubuhi kichwa kinagonga, mchana anasinzia kwenye kikao, presha inagoma kushuka. Na msinidanganye kwamba ni ugonjwa wa Wazungu wanene: makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yalitaja watu wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69.

Mjomba wangu ni mmoja wao, na kazi yake ni dereva wa lori. Anatoka Mwanza, anakamata Shinyanga, Singida, Dodoma, mara nyingi usiku. Hapo natumaini mmeacha kucheka.

Alipimwa usingizi wake, akaambiwa anahitaji mashine, na ndugu mmoja aliye ng'ambo akamtumia moja iliyokwisha kutumika, ikiwa na barakoa ya vijito vya pua. (Naviita vijito, yaani mito midogo, watu wa Mabatini msichanganye na Mirongo.) Wiki mbili baadaye nilikwenda kumwamkia. Shikamoo, marahaba, nikauliza mashine iko wapi. "Mjomba, kile kitu kinaniwasha puani kama pilipili," akanijibu. "Nikikilegeza kinapiga filimbi, nikikikaza kinanikaba kichwa. Mama watoto ameshahamia chumba kingine." Nikaomba nikione. Kwenye kitako cha kijito, kwa herufi ndogo mno, imeandikwa S. Mjomba wangu ana matundu ya kuingia kijito kikubwa zaidi ya hicho, tena bila kubishana!

Yaliyompata yanaeleweka kabisa. Kijito kidogo kinazama ndani ya tundu na hewa inavuja pembeni. Mtu anadhani dawa ni kukaza mkanda. Anakaza, kinazama zaidi, ngozi laini ya ndani inachubuka, hewa bado inavuja. Anakaza tena. Kufika siku ya tano nani asingeipandisha kabatini? Halafu kuna aina za barakoa hizi ambazo kiwandani zinafungashwa na saizi zote tatu, S, M na L, ili mtu ajaribu mpaka apate yake. Aliyetumia kwanza alibaki na iliyomfaa, nyingine zikatupwa. Sisi tunapokea iliyomfaa mtu mwingine, halafu tunashangaa.

Kinachoniudhi ni kwamba hili si jambo jipya la kusubiri semina elekezi. Dk. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza tiba hii mwaka 1981 kwa wagonjwa watano tu. Miaka ile ya mwanzo barakoa ilifinyangwa kwa kufuata pua ya mgonjwa mwenyewe, kisha ikagandishwa usoni kwa silikoni kila usiku. Kila usiku! Walijua tangu siku ya kwanza kwamba bila kuziba vizuri puani, ile mashine ni feni tu. Leo kiwanda kimeturahisishia kazi kwa saizi tatu, na bado tunashindwa kumwambia mtu ajaribu ya pili.

Na kujaribu kwenyewe si elimu ya roketi. Saizi haifuati ukubwa wa pua unaouona kwenye kioo, inafuata tundu, na kuna watu wenye pua pana wana matundu madogo tu. Unanawa uso na kufuta mafuta ya mgando yote, maana yanaharibu silikoni na kuvifanya vijito viteleze. Unalala, narudia, UNALALA, kwa mtindo wako wa kila siku. Barakoa inayopimwa mtu akiwa amekaa kwenye kiti imepimwa kwa ajili ya kiti. Unawasha mashine mpaka ifike kwenye msukumo ule daktari aliokupangia, kwa sababu barakoa inayoziba vizuri kwenye hewa ndogo inaweza kufumuka hewa ikiongezeka. Vijito vinaegemea mlangoni mwa matundu, vyote viwili sawasawa, havisukumwi ndani kama pamba. Geuka kulia, geuka kushoto. Hapo ndipo unakaza mkanda, kidogo kidogo, ukisikia hewa imeacha kuvuja unaishia hapo. Ukiamka na mistari mashavuni umebana mno. Matundu yakiuma, badili saizi kabla hujabadili dini. Na vile vitundu vidogo vya mbele vinavyopumua muda wote msivizibe kwa plasta eti kelele: ndivyo vinavyotoa ile hewa uliyokwisha kuivuta.

Kazi yote hiyo ni kama dakika 20. Wengine watagundua vijito haviwafai kabisa: anayelala mdomo wazi hewa yote inamtokea mdomoni, anaamka koo kavu, huyo atahitaji kamba ya kidevu au barakoa ya pua na mdomo. Sawa, lakini ajue baada ya kujaribu.

Kule Marekani bima ya wazee, Medicare, huendelea kulipia mashine pale inapothibitika mgonjwa anaivaa angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku 30 mfululizo. Siusifii utaratibu wa kumpeleleza mtu kitandani. Lakini angalau kuna mtu anayeuliza iwapo kitu kinavaliwa. Sisi tuna picha za makabidhiano: meza ina kitambaa cha buluu, mheshimiwa kashika boksi upande huu, mfadhili upande ule, wote wanatazama kamera. Habari ya kesho yake inahesabu mashine. Ni nani aliyewahi kusoma habari inayohesabu barakoa, tena kwa saizi?

Utaniambia, kijana, watu hawana hata Panadol, wewe unalia na vijito. Ndiyo maana nalia! Mashine ni ghali, kijito ni kipande cha silikoni. Nchi maskini ndiyo isiyoweza kumudu mashine za juu ya kabati.

Na nyie ndugu zetu wa ng'ambo mnaotuma kwa moyo mwema, Mungu awabariki, ila angalieni mnachopakia. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake kwa sababu povu la ndani liliweza kumeguka na chembe zake zikavutwa na mtumiaji. Tafuteni namba ya mashine kwanza. Na kama barakoa ina sumaku, muulizeni anayepelekewa kama ana kifaa cha moyo kifuani, yeye au anayelala naye.

Saizi M na L za mjomba zimeagizwa, zinakuja na mtu anayesafiri mwisho wa mwezi. Hadi hapo tumekubaliana haendeshi. Lori limeegeshwa Nyakato, na tajiri wake anampigia simu kila asubuhi.