Tuwape Wasichana wa Milimani Nafasi ya Kukimbia

Ndugu zangu wa Kifungilo, wa Gare, wa Magamba na Lushoto mjini, nanyi mliosoma huku kisha mkatawanyika, nina ombi kwenu, na ombi lenyewe linahusu riadha.

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu, mwana wa Singida, alimaliza marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo akiwa bega kwa bega na Mjerumani Amanal Petros. Kilometa 42 zote zilikwisha, na kilichowatenganisha kilikuwa sekunde 0.03. Simbu alishinda, na Tanzania haikuwa imewahi kupata dhahabu katika mashindano hayo. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini ukiyatazama majina ya wanariadha wetu yanayojulikana hata kwa watu wasiofuatilia mbio, utaona kwamba medali peke yake haitoshi kumfanya mtu akumbukwe. Wapo washindi wengi waliosahaulika, na yupo aliyeshika mkia ambaye dunia imekataa kumsahau.

Huyo ni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Oktoba 20, 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Jiji la Mexico, mahali palipo juu kiasi cha mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi ilimkaza misuli. Karibu na kilometa ya 19 wakimbiaji waligongana wakigombea nafasi. Akaanguka, goti likateguka, bega likaumia. Siku ile wapo wenye miguu mizima walioacha mbio. Yeye alifungwa bendeji akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshavikwa dhahabu yake, giza limeingia na watazamaji wengi wamekwenda zao, Mtanzania yule alipotokea uwanjani. Alikuwa wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa nzima nyuma ya mshindi. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule ili aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Fikirini ni nani wanaolitumia jibu lile hadi leo. Ni mgonjwa anayejifunza kutembea upya, ni mwanafunzi aliyefeli anayerudia mtihani, ni walimu wa nchi za mbali wasioweza kuionyesha Mbulu kwenye ramani. Kwangu mimi kipimo cha mwanamichezo mkubwa ni hicho: je, mtu asiyekimbia kabisa anaweza kupata kitu cha kumsaidia katika alichokifanya mkimbiaji?

Filbert Bayi anakipita kipimo hicho kwa njia nyingine. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia, akimwacha nyuma John Walker wa New Zealand mbele ya watu wa kwao. Dunia ikasubiri wakutane katika Olimpiki ya Montreal 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na Tanzania pamoja na nchi nyingine zaidi ya 20, nyingi za Afrika, zikaisusia michezo ile. Uamuzi ulikuwa wa nchi, lakini gharama ililipwa na miguu ya kijana wa miaka 23 aliyekuwa katika ubora wake. Baadaye alipata medali ya fedha Moscow 1980, akaja kujenga shule Kimara na Kibaha. Leo wapo watoto wanaosoma chini ya jina lake ambao wazazi wao hawajawahi kumwona akikimbia.

Lakini mfano ninaotamani wasichana wa Kifungilo waujue kabla ya mingine yote ni wa Tegla Loroupe, Mpokoti wa Kenya. Mwili wake ni mdogo, na alianza kukimbia kama wanavyoanza watoto wetu, kwa kuwahi shule iliyo mbali. Mwaka 1994 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York. Akaweka rekodi ya dunia ya marathoni Rotterdam 1998, akaivunja mwenyewe Berlin 1999. Angeweza kuishia hapo na tungemsifu. Yeye alirudi nyumbani, ambako watu walikuwa wakiuana kwa wizi wa ng'ombe, na mwaka 2003 akaanzisha taasisi ya amani. Akaandaa mbio zilizowakutanisha vijana wa Pokot, Turkana na jamii nyingine za mpakani, watu waliozoea kuonana kupitia mtutu wa bunduki, wakavaa namba kifuani na kukimbia barabara moja. Mwaka 2016 aliiongoza Rio timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, wanamichezo 10. Watano kati yao walikuwa wakimbiaji kutoka Sudan Kusini, waliofanya mazoezi Ngong chini ya uangalizi wake. Bendera siku ya ufunguzi ilibebwa na msichana, Rose Nathike Lokonyen.

Kifungilo si mgeni wa mambo ya namna hii. Masista wamelea na kusomesha wasichana hapa kwa miaka mingi. Maria Nhambu alilelewa hapa katika nyumba ya watoto yatima, akaenda Marekani, akafundisha Kiswahili huko Minneapolis, kisha akabuni mazoezi ya viungo yaliyojengwa juu ya ngoma za Kiafrika, Wamarekani wakayafanya kwa furaha. Hakuwa mshindani wa riadha, ila alichowapa walimwengu kilitoka katika mwili uliokulia kwenye miteremko hii.

Sasa tujitazame. Watoto wetu wanapanda na kushuka milima tangu wakiwa wadogo, kuni kichwani, maji kichwani, kabichi na karoti kichwani. Pumzi wanayo. Wavulana wakitoka shule hupata saa ya mpira, wasichana hupata jembe na ndoo. Na tunajua wangapi wanaomaliza darasa la saba wakapelekwa mijini kwa kazi za ndani, mshahara mdogo na jina lisilojulikana na mtu. Nawaombeni, kina baba na kina mama, mrudishieni msichana muda wa saa moja katika jioni yake, hata kama ni siku mbili tu kwa wiki. Kazi za nyumbani zigawanywe, kaka yake naye ana mikono.

Najua hofu ya mzazi, na ni hofu ya kweli. Agnes Tirop, mkimbiaji mkubwa wa Kenya, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021 akiwa na miaka 25, na wenzake wakaanzisha kundi la Tirop's Angels kuwatetea wanariadha wanawake. Kwa hiyo siombi mtoto aachiwe yeyote anayejiita kocha. Awepo mwalimu wa kike katika kila mazoezi na kila safari, na mzazi apewe ratiba mapema. Juma Ikangaa, mshindi wa marathoni ya New York 1989, ameonyesha kwamba inawezekana: tangu 2017 amekuwa nguzo ya mashindano ya Ladies First, ambako wasichana wa nchi nzima wanakimbia na kufundishwa pia jinsi ya kujilinda. Waalikeni watu kama yeye waje wazungumze na wanafunzi. Walimu, mchakamchaka wa asubuhi usiwe adhabu. Utumieni kuwatambua wenye kipaji kabla ya mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, na muwasimulie habari za Akhwari na Tegla kama mnavyosimulia historia nyingine.

Lipo na jambo la ardhi, kwani wasichana wanahitaji mahali pa kukimbilia. Milimani kwetu mahali tambarare ni pachache, na kila patambarare panatamaniwa na mwenye kujenga na mwenye kulima. Kiwanja cha shule kikimegwa hatua tano mwaka huu, mwakani kitamegwa kumi. Wenyeviti na madiwani, viwanja vilivyobaki vipimwe, viwekewe mipaka, viingie katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji. Tusimame tuyaseme haya katika mkutano wa kijiji ujao, wanawake wakiwa wengi ukumbini.

Nanyi mliosoma Kifungilo, mlio maofisini na madukani kote nchini, changeni raba, saa za kupimia mbio na sare za michezo kwa shule za jirani zisizo na kitu. Usafiri tunao: malori ya mboga yanashuka Mombo kila siku yakiwa yamejaa, na yakirudi kutoka Dar es Salaam yana nafasi. Wenye magari, ipakieni mizigo hiyo bila malipo.