Bibi Harusi, Mgongo Haupoi kwa Kulala Tu



Leo nasema bila kuzunguka. Hii tabia ya kumwambia kila mwanamke anayeumwa mgongo "lala upumzike" inatudhuru. Tunalala, tunachuliwa, tunafunga mikanda, tunameza vidonge, na mwezi ujao mgongo ni ule ule. Wapo wanawake hawajafika arubaini wanasali juu ya kiti, na hakuna aliyewahi kuwaelekeza zoezi hata moja. Ruhusa ya kiti ipo kwa mwenye udhuru, alhamdulillah. Lakini kwa nini tusihangaike kuuondoa huo udhuru wenyewe?

Kwa watu wengi, maumivu ya mgongo wa chini hayatokani na mfupa uliovunjika wala ugonjwa mkubwa. Ukilala siku nyingi, misuli ya mgongo, tumbo na makalio inazidi kulegea, na viungo vinakakamaa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Mazoezi yamo katika yanayopendekezwa. Kuchuliwa nako kumo, kwa hiyo usimfukuze mkandaji wako. Mkanda wa kiuno ndio unaoshauriwa usitumike kama tiba ya kawaida.

Wengine watasema: "Sisi tunafanya kazi kutwa, mazoezi ya nini tena?" Kufua kwa kuinama, kubeba ndoo, kufunga mwani Paje na Jambiani, kweli ni kazi ngumu. Lakini kazi inaulemea mwili upande ule ule, kila siku, uchoke usichoke. Zoezi lina kipimo: unaanza na kidogo, unapumzika, unaongeza taratibu. Hapo ndipo nguvu inapojengeka.

Wengine: "Akinyanyua vyuma atakuwa dume." Jamani! Homoni ya testosteroni inayowapa wanaume misuli mikubwa, sisi tunayo kidogo sana. Dumu la lita 5 halitakuotesha ndevu.

Na wale wa "si stara"? Funga mlango wa chumba chako, nani atakuona? Imepokewa kuwa Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.). Sasa hii ya kuwa mazoezi si ya wanawake tumeitoa wapi?

Kinachoniuma zaidi ni mwali. Anawekwa ndani, anasingwa, anapakwa liwa, anatiwa hina, anafukizwa udi. Na siku hizi anajinyima chakula mpaka kizunguzungu, ili gauni limkae. Mambo yote hayo ni ya siku moja au mbili. Mgongo utakaobeba mimba, kisha mtoto, kisha ndoo na mtoto pamoja, nani ameuandaa?

Basi anza hivi, siku 2 au 3 kwa wiki:

1. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika, kaa tena polepole. Mara 10.
2. Lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio, hesabu mpaka 5, shusha. Mara 10.
3. Simama, weka viganja ukutani, sogea karibu na ukuta kwa kukunja viwiko, kisha jisukume urudi. Mara 10.
4. Weka dumu la lita 5 juu ya kigoda. Rudisha makalio nyuma, kunja magoti kidogo, mgongo umenyooka, linyanyue ukisimama. Mara 8.

Pumzika, rudia mzunguko mara ya pili. Siku nyingine tembea kwa nusu saa. Ukiona ni rahisi, ongeza uzito. Kuuma kidogo kwa misuli siku mbili za mwanzo ni kawaida; maumivu makali si kawaida, punguza. Usitegemee nafuu kwa siku tatu, jipe wiki kadhaa.

Lakini nenda hospitali haraka ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kukushinda, mguu kukosa nguvu, homa, kukonda bila sababu, au maumivu baada ya kuanguka. Mjamzito na aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, amuulize daktari au mkunga kwanza.

Mama zetu na masomo, nawaomba kwa heshima: mkija na singo na udi, mwambieni mwali aweke na dumu chumbani. Nalo ni katika kumtunza.